Mwalimu Aliyewavalia Ndege Gunia

Gunia lilikuwa la korosho, la katani, limetobolewa matundu mawili ya macho na moja dogo la pua. Kwa miaka yote niliyokuwa jirani yake lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa banda lake, Newala, kama koti la mtu aliyetoka mara moja. Kila alipotaka kulisha ndege alilivaa kichwani, akaliteremsha hadi kiunoni, akaingia bandani bila neno. Alipotoka alikuwa na nyuzi za katani kwenye nyusi, na jasho limelowesha kola ya gauni. Ndipo alipokuuliza ulikuja kutafuta nini.

Naandika habari za mwalimu wangu wa darasa la tatu, ambaye baadaye, nilipokuwa mtu mzima mwenye mvi na shahada mbili, alikuwa jirani yangu. Sitasema alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Hakuwahi kuniambia, na katika mambo yake ninayoyajua hakuna hata moja linalohitaji habari hiyo. Nitasema nilichokiona. Nitasema pia nilichomfanyia, maana hiyo ndiyo sababu hasa ya kuandika, ingawa kwa muda mrefu nimejidai kwamba nataka tu kumuenzi.

Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake huwekwa kabatini. Anakuwa Mama Zuhura au Mama Issa mpaka siku ya kuzikwa. Yeye hakuzaa. Kwa hiyo alibaki Mwalimu, kwa waliosoma kwake na kwa ambao hawakuvuka hata mlango wa shule, miaka mingi baada ya kustaafu na chaki kumtoka kwenye vidole. Watoto wa mtaani walijaribu kumwita Mama Ndege. Aliwasimamisha mstari, kama zamani.

"Sijazaa ndege," aliwaambia. "Wana mama zao. Nani mwingine ana swali?"

Wakatawanyika.

Kuhusu gunia alitoa maelezo mara moja tu, nilipomuuliza kama haoni joto. "Ndege akishaijua sura ya mtu mmoja mwema," alisema, "anadhani watu wote ni yule." Basi. Hakuendelea. Mwalimu alikuwa na tabia ya kukuachia nusu ya jambo ukamalizie nyumbani, kama kazi ya jioni.

Lakini huku kwetu kujifunika uso na kutembea kimya si jambo dogo. Lipiko, kinyago cha ngoma zetu, likitoka, aliye ndani yake hajulikani, na mambo hayo ni ya wanaume, yana wakubwa wake na yana miiko yake. Mzee mmoja wa ngoma alikuja kulalamika rasmi, amevaa kofia na koti. Nilikuwepo, nimekuja kuazima jembe.

"Mwalimu, tumesikia unavaa."

"Navaa."

"Mwanamke havai."

"Mwanamke hachezi," alimsahihisha. "Umeniona na njuga? Umesikia ngoma imelia hapa? Mimi nalisha."

Mzee alilitazama gunia pale msumarini. "Ukilisha, unatikisa kichwa?"

"Sitikisi."

"Mabega je?"

"Nitamwagaje chakula cha ndege kwa kutikisa mabega?"

"Basi," alisema mzee, akafungua kifungo cha koti kama mtu aliyetua mzigo. "Tulitaka kujua tu." Baada ya hapo wakubwa wa ngoma hawakumsumbua tena, ingawa nasikia walikatazana kupita nyuma ya nyumba yake saa za kulisha, ili wasije wakaona kitu wakashindwa kukitolea uamuzi.

Nilimuuliza mara nyingi alianzaje, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika makala na watu wa makala tunapenda mwanzo. Kila mtu alikuwa amepewa jibu lake. Mama Zuhura, jirani wa upande wa pili, aliambiwa ilikuwa ndoto. Padre aliambiwa ni kazi kama kazi nyingine. Mimi niliambiwa hivi: "Aliletwa mmoja. Akapona. Watu wakaijua nyumba."

Waliijua kweli. Wakati wa vijana kutega ulimbo, waliletwa chiriku na tetere walionata mbawa mpaka wamekuwa kama vibiskuti vilivyolowa chai. Mwalimu aliwasafisha kwa mafuta ya ufuta, unyoya mmoja mmoja, kisha akawapaka unga wa muhogo unyonye mafuta, kisha akauondoa unga kwa brashi ya kiatu. Kazi ya ndege mmoja ilichukua asubuhi nzima. Bawa lililovunjika alilifunga kwa utepe wa khanga kuukuu, siku kumi na nne. Si kumi na tano. Siku ya kumi na tano, alisema, bawa linaanza kuamini kwamba ni mkono.

Msimu wa kupulizia mikorosho waliletwa waliokumbwa na salfa, macho yamefumba, vumbi limewakaa kama waliotoka mashine ya kusaga. Hao aliwaosha macho kwa maji ya uvuguvugu, tena na tena. Newala maji si kitu cha kuchezea. Anayeijua nyanda ya juu anajua foleni ya ndoo, anajua pia jinsi mtu anavyoweza kumsahau mkwewe lakini asisahau zamu yake ya bomba. Mama Zuhura alivumilia wiki nzima, kisha akasema kupitia uani.

"Mwalimu, sisi tunaoga kikombe, tetere wako anaoga ndoo."

"Tetere hakupulizia salfa," Mwalimu alijibu bila kuinua kichwa. "Aliyepulizia ni mumeo. Yeye mpe kikombe."

Msije mkadhani alikuwa na moyo laini. Alituchapa, na alichapa vizuri. Kuku wa kienyeji alimpenda kwa dhati, hasa paja. Mgonjwa wake akifa, kama ni ndege anayelika, alimla. Nilimkuta siku moja anachemsha kanga aliyemuuguza wiki mbili. Nadhani uso wangu ulisema kitu, maana alinitazama kwa lile jicho la darasani.

"Ulitaka nimfanyie nini? Nimchomee ubani?"

Alinipa bakuli. Nilikula. Kwa mtu aliyewahi kuandika kurasa mbili za gazeti kuhusu huruma kwa viumbe, nilikula kwa kasi ya kutia aibu.

Hata huzuni ya watu hakuijulia. Mama yangu alipofariki, majirani walikuja wakalia, wakasimulia, wakanishika mabega. Mwalimu alikuja na ndoo ya maji kichwani, imejaa hadi ukingoni, akaitua jikoni, akaondoka bila kusema pole. Alirudi na nyingine. Alifanya hivyo siku tatu. Wakati huo niliona ni majivuno. Sasa najua alikuwa ametoka mbali, kwenye foleni, na kwamba labda maneno ndiyo yaliyokuwa yamemwishia.

Maana nyumba yake ilikuwa kimya, na kimya hicho alikijenga kwa mikono yake. Bawaba za milango alizipaka mafuta zisilie. Redio aliisikiliza kwa waya wa sikioni, hasa matangazo ya vifo. Ndani alitembea peku. Bandani hapakuruhusiwa hodi, wala salamu, wala kupiga chafya kama ungeweza kuizuia, kwa sababu ndege anayelelewa akisikia sauti ya mtu kila anaposhiba, ataifuata sauti hiyo mpaka mwisho wa maisha yake, na mwisho wenyewe hautakuwa mbali. Banda lilishikana na sebule, ukuta mmoja wa udongo. Kwa hiyo sebuleni pia watu walinong'ona. Huwezi kumpokea mgeni kwa kunong'ona mwaka hata mwaka. Wageni walipungua, halafu wakaisha. Mama Zuhura alisema nyumbani kwa Mwalimu ni kama msibani ila marehemu hayupo.

"Huchoki kukaa kimya?" nilimuuliza siku moja, tukiwa mbali, kwenye shina la mkorosho wake wa mwisho.

"Nachoka," alisema, akaendelea kukata papai vipande vidogo.

Na siku ya kumwachia ndege, hakumtazama. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Alimbeba hadi ukingoni mwa nyanda, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linaanza chini kabisa, na asubuhi ya ukungu unasimama kama uko kwenye dirisha lisilo na nyumba. Alifungua kikapu, akageuka, akampa mgongo. Alisimama hivyo mpaka mimi niliyeandamana naye nimwambie ameshakwenda. Wiki sita za kulisha kwa kibano, halafu mgongo. Nilipomuuliza, alisema akimtazama ndege, ndege naye atamtazama. Nilimwona anajipangusa pua kwa kiganja, lakini asubuhi za Newala zina baridi, na sitaki kuwasingizia watu hisia kwa sababu tu mimi ninazo.

Mimi ninazo nyingi. Mwaka ninaotaka kuuzungumzia nilikuja likizo ndefu nikiwa nimeachika. Nasema nimeachika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa kwenye karatasi imeandikwa kwa lugha ya heshima. Mke wangu wa zamani alibaki Dodoma na binti yetu, Salma, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na ambaye nikipiga simu alinijibu kama karani wa ofisi yenye watu wengi. Mimi nilijifungia kwenye nyumba ya marehemu mama kuandika kitabu. Sikuandika. Watu wa Newala waliniita Baba Salma kila nilipotoka, kwa heshima na upendo, na kila walipoita nilihisi kama wanamwita mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu.

Wakati wa mvua akaletwa hondohondo. Mchoma mkaa mmoja wa upande wa Tandahimba alikuwa ameangusha mkorosho mkongwe uliooza moyo. Hondohondo jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, akajizibia mlango kwa udongo, akabakiza ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo. Wanawake wa kwetu wakiona tundu limezibwa hucheka wakasema mwali yuko ndani. Huyu mwali aliangukiwa na nyumba. Kifaranga chake kililetwa kwenye kopo la rangi, uchi, kina mdomo mkubwa kuliko mwili na tumbo kama la diwani.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuletea huyu. Mama yake hakubahatika."

"Marahaba. Mama yake mmemla?"

Mchoma mkaa alitazama miguu yake. "Tumemla, Mwalimu."

"Alikuwaje?"

"Mgumu sana."

"Vizuri," alisema Mwalimu, akalipokea kopo.

Alichukua mzinga wa nyuki wa zamani, gogo lililochimbwa, akamlaza kifaranga ndani juu ya majani makavu, akauziba mdomo kwa udongo wa kichuguu na kubakiza ufa. Kupitia ufa huo alimlisha panzi, kumbikumbi, papai na yai la kuchemsha, kwa kibano cha mwanzi, gunia kichwani, kila baada ya muda mfupi tangu alfajiri. Ndani ya wiki mbili alikuwa amekonda yeye na ndege amenenepa. Sijawahi kumwona anajali mgonjwa namna ile. Siku moja aliniambia, kwa sauti yake ya kunong'ona iliyokwisha kuwa sauti yake halisi, kwamba macho yake yanaingia ukungu, na kwamba huyu huenda akawa wa mwisho anayeweza kumlea kwa usahihi. Alitaka aende. Alitaka aende kabisa, asijue kwamba kuna watu.

Ndipo simu ikaja kutoka Lupaso. Dada yake, wa pekee, amefariki.

Msiba haukwepeki. Ingekuwa siku tisa. Mama Zuhura alisema yeye kukaa kimya hawezi, Mungu hakumuumba hivyo. Nikabaki mimi. Mwalimu alinitazama sana, kama mtu anayechagua kiranja katika darasa la wajinga watupu. Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa mlango: Vaa. Lisha. Toka. Usimsalimie.

"Hata hodi?" nilimtania.

"Hasa hodi."

Siku mbili nilikuwa mwanafunzi mwema. Siku ya tatu mvua ilikatika na jua likatoka na hasira, gunia likanuka mafuta ya korosho na jasho la mwanamke mzee na jasho langu, na nyuzi zikaniingia puani. Nilikuwa sijazungumza na mtu tangu juzi yake. Nikalivua. Kwenye ufa nikaona jicho moja, jeusi, lenye kope ndefu kabisa, linanitazama.

"Pole," nilisema.

Neno dogo tu. Lakini nilikuwa nimeanza, na mtu aliyenyamaza miezi akianza haachi upesi. Siku ya nne nilimuuliza ameamkaje. Siku ya tano nilibeba kigoda. Mpaka siku ya tisa nilikuwa namaliza alasiri nzima mbele ya ule ufa, bila gunia, namweleza hondohondo maisha yangu, na yeye ananisikiliza huku ameinamisha kichwa upande. Akisikia tu hatua zangu uani alianza kuita. Nilijivuna. Sijui kama mnaelewa: palikuwa na kiumbe kimoja duniani ambacho kikisikia nimekuja, kinafurahi.

Mwalimu aliporudi kutoka Lupaso, amevaa nyeusi na amepungua zaidi, ndege alipiga kelele kwa sababu mimi nilikuwa uani.

"Ana kelele siku hizi," alinong'ona.

"Njaa labda," nilisema.

Miezi ile Mwalimu alikuwa na kikohozi. Kilimpata msibani, kwenye mikeka yenye unyevu. Usiku na mchana nilimwona akitoka mbio nyumbani mwake, mdomo ameuziba kwa khanga, akakimbilia mpaka kwenye mpaka wa shamba, akakohoa huko mpaka apinde magoti, kisha akarudi polepole. Mara moja moja kilimponyoka ndani. Nilisikia kupitia ukuta: kikohozi kimoja kilichokatwa katikati, kama mtu aliyejikaba koo.

Ndege alivunja udongo mwenyewe, kama inavyotakiwa. Tuliupeleka mzinga ukingoni, mimi nikiubeba begani, tukauning'iniza kwenye mti, tukamwacha aingie na kutoka kwa siku kadhaa. Siku moja hakurudi. Mwalimu alisimama amempa mti mgongo, akauliza, "Hayupo?" Nikasema hayupo. Akatabasamu. Ana pengo upande wa kushoto. Sikuwahi kulijua kabla ya siku ile.

Siku ya nne baada ya hapo hondohondo alitua stendi. Abiria wa Tandahimba walikuwa wanasubiri gari, na mtu mmoja alikuwa anakula papai kwenye benchi. Ndege alitua mbele yake, akamsogelea akirukaruka, akainamisha kichwa upande, akaita. Yule mtu akainuka. Ndege akamfuata. Huku kwetu ndege wa porini anayemfuata mtu mchana kweupe bila woga hajaja mwenyewe, ametumwa, na anayetumwa hatumwi kwa habari njema. Mawe yalitoka pande zote. Siwalaumu. Wangejuaje kwamba alitaka tu aelezwe jambo?

Mama Zuhura alimleta kwenye beseni, amemfunika kwa kitenge. Kwa mara ya kwanza alinong'ona. "Mwalimu, pole. Nimemtambua kwa ule mdomo."

Mwalimu alichuchumaa. Macho hayakuona vizuri, akampapasa: mdomo, shingo, mbawa zote mbili akazikunjua, zilikuwa nzima, zimekomaa.

"Alimfuata mtu," alisema.

"Alimfuata, Mwalimu."

"Alisikia sauti." Alijifuta mikono kwenye gauni. "Nilikohoa. Nilijua nimekohoa. Alidhani ile ni sauti ya chakula."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nilikuwa na shahada mbili na lugha tatu. Sikusema kitu. Mwalimu aliingia bandani, akalitoa gunia msumarini, akalichana katikati, akampa Mama Zuhura vipande vya kudekia. Ndege huyu hakumla. Na tangu siku hiyo kila aliyeleta ndege aliambiwa ampeleke kwa mtu mwenye kifua kizima.

Wiki hiyohiyo niliandika makala kuhusu uwajibikaji. Ilisifiwa.

Miaka minne nilikwenda na kurudi. Kila likizo nilimpelekea sukari na majani ya chai, nikakaa kwenye sebule ambayo sasa hapakuwa na sababu ya kunong'ona, na bado alinong'ona. Wageni hawakurudi. Kimya kilikuwa na kazi zamani. Sasa kilikaa tu. Kila mara nilipanda kilima cha kusema, nikafika nusu, nikashuka kwa kuuliza habari za mikorosho. Nilijiambia namhurumia, nisije nikamfufulia uchungu. Ni sababu nzuri, na nimeiona ikitumiwa na waongo wengi kabla yangu.

Mwaka huu nilikuta nyumba imefungwa. Mama Zuhura aliniambia Mwalimu amechukuliwa na binti wa yule dada yake marehemu, yuko Masasi, mtaa wa Mkomaindo, karibu na hospitali, kwa ajili ya macho. Nilipanda gari nikateremka nyanda.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha kupanga. Jicho moja lilikuwa limekwisha kutolewa mtoto wa jicho, jingine linasubiri zamu. Jirani alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mashine yake ya kukatia ililia bila kupumzika. Binti alikuwa sokoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umezeeka," alisema. "Sikujua. Huko nyuma ulikuwa ukungu wenye sauti."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tuliongea habari za Newala, bomba lililovunjika, Mama Zuhura aliyepata mjukuu. Katikati ya maneno yake akashikwa na kikohozi, na mara akajiziba mdomo kwa khanga, kwa nguvu, kwa mikono yote miwili, akageukia ukutani, mabega yakatikisika mpaka kikaisha. Fundi alikuwa anakata chuma hatua tano kutoka pale. Hata angepiga mayowe nani angesikia?

"Mwalimu, hapa hakuna ndege," nilisema.

"Mazoea." Alijifuta macho kwa uangalifu, asiguse lile jipya. "Daktari anasema kifua hakina kitu. Lakini mimi nikikohoa namwona yule."

Sikupanda kilima safari hii. Nilijikuta tu niko ng'ambo.

"Haikuwa kikohozi," nilisema. "Ni mimi. Ulipokwenda Lupaso nilivua gunia."

Alinitazama kwa lile jicho moja.

"Siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ukaongea?"

"Nikaongea."

"Siku ya tatu tu?"

"Mpaka ya tisa. Alasiri zote."

Fundi alizima mashine. Nilingoja. Ningekuwa na miaka tisa ningenyoosha kiganja mwenyewe.

"Miaka minne," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu darasa la tatu, sauti kamili ya kufika dawati la nyuma. "Wakiniletea nawafukuza. Kwege, kile kindege, amekufa mlangoni kwangu kwenye kofia ya mtoto aliyemleta, kwa kuwa nilimwambia mtoto mimi sifai tena kuuguza. Na wewe unaniletea sukari."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unakaa, unakunywa chai yangu."

"Ndiyo."

Aligeuza uso, akatazama barabarani. Nilishika mfuko wangu niondoke, nikidhani ndiyo ruhusa. Nilipoinuka akasema, bila kugeuka, "Ulikuwa unamwambia nini?"

Sikuelewa. "Nani?"

"Hondohondo. Alasiri zote hizo. Unaongea nini na ndege?"

"Mambo yangu. Mambo ya binti yangu."

"Alisikiliza?"

"Alisikiliza, Mwalimu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari ya nchi aliyoishi jirani nayo bila kuingia. "Mimi sijui," alisema. "Sikuwahi kumwambia hata mmoja. Wengine niliwaona kabisa wanangoja." Kisha akasukuma ndoo kwa mguu, ikasogea karibu na kiti chake. "Sijakusamehe. Kaa. Niambie ulivyomwambia yeye, na usiruke."

Nikakaa. Nikaanza na Salma, kama nilivyoanza siku zile. Hondohondo alikuwa ameniacha nimalize kila kitu. Mwalimu alinikatisha kwenye sentensi ya pili.

"Ngoja. Dodoma ulikwenda lini mara ya mwisho?"

Nikamwambia. Aliuliza tena, nikarudia, na mara ya pili jibu lilisikika baya zaidi. Kikohozi kikampanda tena. Mikono ikainuka na khanga, ikafika kidevuni, ikasimama hapo. Akaishusha mapajani. Akakohoa, mdomo wazi, kwa sauti kubwa, mara nyingi, mpaka fundi akachungulia kutoka kwenye banda lake na watu wawili barabarani wakageuka.

"Endelea," alisema.